Faiba Inapita Barabarani, Mtaani Haifiki: Namna Tulivyoivuta Malaba

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Kazi yangu yote iko mtandaoni: tamko la mzigo linaingia kwenye mfumo wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, malipo yanathibitishwa humo humo, na dereva aliyelala kwenye foleni ananipigia kila nusu saa, "Mama, karatasi imetoka?" Mtandao ukikatika saa nne asubuhi, lori linalala. Lori likilala, mwenye mzigo analipia siku nyingine, na mimi ndiye ninayejibu.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi hiyo kwa bando la simu, huku nikikanyaga faiba, zile kebo za nyuzi za kioo zinazobeba intaneti, kila siku. Kebo zinazoleta intaneti ya Uganda kutoka Mombasa zinavuka mpaka hapa hapa. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba sisi ni kama watu wanaoishi kando ya bomba kubwa la maji na kuchota kisimani. Leo mtaa wetu una faiba, tena ya kampuni mbili. Ilituchukua miezi kumi na minne kumpata wa kwanza, na zaidi ya mwaka kumpata wa pili. Nawaandikia walio Busia, Mpondwe, Mutukula, Arua, na hata mitaa ya Kampala ambako gari la mafundi wa faiba hupita bila kusimama.

Jua kwanza kebo inayopita ni ya nani na inafanya kazi gani

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba kebo ikiwa karibu, huduma iko karibu. Kebo ya safari ndefu ni kama basi la usiku la Nairobi kwenda Kampala. Halisimami chini ya kila mti. Ili kuichepusha, lazima pawe na kituo chenye mitambo, umeme, betri na ulinzi. Kila mahali unapokata na kuunga uzi wa kioo, mwanga unapungua kidogo, kwa hiyo hakuna mhandisi atakayetoboa kebo ya taifa kwa ajili ya duka la dawa na gesti mbili. Swali la kuuliza ni hili: kituo cha karibu kiko wapi, na nani anaruhusiwa kuchota hapo?

Uganda haina pwani. Hadi katikati ya 2009 tulitegemea setilaiti, na bei yake tunaikumbuka. Julai mwaka huo kebo ya baharini ya SEACOM ikawashwa, ya TEAMS nayo ikafika Mombasa mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Kila kinachotufikia kutoka baharini lazima kivuke Kenya au Tanzania. Ndani ya nchi serikali ilijenga mkongo wake, unaosimamiwa na NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari ya serikali, kwa awamu. Awamu ya pili ndiyo iliyofika kwetu Malaba na Busia, ya tatu ikaelekea Masaka, Mbarara, Katuna na Mutukula, ili nchi iwe na mlango mwingine kupitia Tanzania. UETCL, wenye nyaya kubwa za umeme, wana faiba inayosafiri juu kabisa ya minara yao na wanaikodisha. Kampuni za mawasiliano za MTN, Airtel na Liquid wana za kwao.

Kampala ina hadithi tofauti, na inafaa kuielewa. Mwaka 2013 Google walizindua mtandao wa faiba jijini, ambao leo unaendeshwa na kampuni ya CSquared. Hawakumwuzia mwananchi wa kawaida. Waliwakodisha wauzaji wa intaneti. Kampuni ndogo isiyo na uwezo wa kuchimba jiji zima ikaweza kukodi uzi na kuanza biashara. Ndiyo sababu ukiwa Kololo au Ntinda unachagua kati ya kampuni kadhaa, na sisi wa mpakani tulikuwa tunaomba hata moja. Anayechimba akiwa pia muuzaji, hana haraka ya kumkaribisha mshindani wake kwenye mtaro wake.

Kwa hiyo tembea. Mimi na mpwa wangu tulitoka Jumapili moja na daftari, kutoka daraja la mpakani tukielekea Tororo, tukiandika jina lililochongwa kwenye kila mfuniko wa zege na kila kigingi cha kando ya barabara. Tulipata alama za wenye kebo watatu tofauti. Tukaangalia pia minara ya simu. Mnara una njia mbili za kulishwa: faiba, au maikrowevu, yale madishi ya duara yanayotazamana na mnara mwingine. Ukiona mtaro umeingia hadi chini ya mnara, hapo pana faiba, na kutoka hapo hadi mtaani kwako umbali huwa mfupi kuliko unavyofikiri. Kwetu ulikuwa mita 1,200.

Minara hiyo ina sababu ya kuwepo vijijini. Tangu 2020, mwenye leseni ya kitaifa ya UCC, tume ya mawasiliano, anabanwa kufikisha huduma kwenye asilimia 90 ya eneo la nchi ndani ya miaka mitano. Sharti hilo linatimizwa kwa minara, maana hakuna anayeweza kupeleka faiba kila kijiji. Lakini kadiri 4G inavyoshiba wateja, na 5G iliyoanza 2023, ndivyo maikrowevu inavyozidiwa na kampuni inavyolazimika kuvuta faiba hadi mnarani. Mnara unaozidiwa jioni ni dalili nzuri kwako. Siku moja watachimba, na ni vizuri wakute umeshajipanga.

Orodha ya sahihi haitoshi

Tulianza vibaya. Nilizunguka na karatasi, nikapata sahihi sitini, mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, akapiga muhuri, nikaipeleka kwa kampuni tatu. Kimya. Miezi minne baadaye kijana mpimaji wa kampuni mojawapo alikuja Malaba kwa kazi nyingine, nikamkaribisha chai. Akaniambia kwa heshima kabisa, "Mama, sahihi hazilipi. Hawa watu wanatumia shilingi ngapi sasa hivi?"

Akanifundisha hesabu yenyewe. Uzi wa kioo hauna gharama kubwa. Pesa inaliwa na mtaro, nguzo, vibali na mikono ya watu. Kwa hiyo kampuni inaangalia mita ngapi zitamwangukia kila mteja anayelipa. Chukua zile mita 1,200 zetu. Wateja wakiwa 8, kila mmoja amebeba mita 150. Wakiwa 40, kila mmoja ana mita 30. Mtaro ni ule ule, udongo ni ule ule, lakini mradi wa kwanza unakufa mezani na wa pili unapita.

Tulirudi nyumba kwa nyumba na daftari jipya. Safari hii tuliandika umbali wa mlango kutoka barabarani, kwa futi ya fundi ya mita hamsini. Tukaandika bando la mwezi mzima, la simu zote za nyumba hiyo. Tukauliza kama ni mwenye nyumba au mpangaji, na kama mpangaji, mwenye nyumba yuko wapi. Tukauliza matumizi yao ni ya mchana au usiku. Hili la mwisho sikulielewa mwanzoni, lakini lina maana kubwa: ofisi za forodha zinatumia mchana, gesti na familia zinatumia usiku, na kampuni inapenda mtaa wenye mchanganyiko kwa sababu uwezo ule ule unauzwa mara mbili.

Mimi peke yangu nilikuwa natumia takriban shilingi 160,000 kwa mwezi, kati ya simu mbili na modemu ya ofisini. Wakala wa pesa za simu wa jirani alinizidi. Tulipojumlisha nyumba na ofisi 43 zilizokubali kuandikwa, ilipita milioni nne kwa mwezi. Watu walishtuka wenyewe. Karatasi hiyo moja ilifanya kazi ambayo sahihi sitini hazikuifanya.

Tafuta pia mteja mmoja mkubwa: shule, SACCO, kituo cha afya, kanisa au msikiti wenye ofisi, maghala. Kwetu ilikuwa shule ya msingi ya binafsi. Mteja wa namna hiyo anasaini mkataba mrefu, na mtaro ukishafika kwake, nyumba zilizo njiani zinaungwa kwa bei ndogo. Waambie wasimamizi wa shule waulize pia kuhusu ushuru. Tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti, uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ya mwaka 2018, lakini sheria imeacha nje data ya huduma za elimu na za tiba. Ukitaka punguzo hilo, liulize kabla ya bei kuandikwa.

Vibali: hapa ndipo muda unapotea

Mtu akikwambia faiba itafika mwezi ujao, muulize vibali vimefikia wapi.

Barabara ina mwenyewe. Barabara kuu ilikuwa ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, na baada ya UNRA kuvunjwa shughuli zake zimerudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barabara za ndani ni za halmashauri ya mji. Ardhi iliyo baada ya hapo ina wenyewe, na wengine wako Nairobi au London. Nguzo za umeme nazo si za kila mtu kuning'iniza waya. Mtandao wa usambazaji uliokuwa mikononi mwa kampuni iitwayo Umeme ulirudi UEDCL, kampuni ya serikali, mwaka 2025, kwa hiyo ruhusa ya nguzo inaombwa huko, na inalipiwa. Kampuni inayotaka kufika kwako inaweza kukaa kwenye foleni ya ofisi nne tofauti. Kila ofisi ina ada yake, na ada zote hizo zinaishia kwenye bili yako.

Sisi tulifanya jambo ambalo lilifupisha safari kuliko lolote: tulikusanya barua za wenye ardhi kabla kampuni haijaja. Barua ya ukurasa mmoja, ya Kiswahili au Kiingereza, inayosema fulani anaruhusu mtaro wa kina cha mita moja upite kando ya uzio wake bila malipo, na kwamba atakayechimba atarudisha ardhi ilivyokuwa. LC1 akashuhudia na kupiga muhuri. Mzee mmoja alikataa kabisa. Miaka ya nyuma wachimbaji wa mradi mwingine waliukata mti wake wa parachichi na kuondoka bila hata kusalimia. Sikumlazimisha. Nilirudi mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mchoro unaoonyesha mtaro ukipita upande wa pili wa njia. Akasaini. Wazee wengi hawapingi faiba, wanapinga kudharauliwa.

Pia nenda ofisi ya mhandisi wa mji uulize ni barabara gani zitachongwa au kuwekwa lami mwaka huo wa bajeti. Kuchimba mtaro wakati barabara iko wazi ni nusu ya kazi. Kuchimba baada ya lami ni balaa, na greda ikipita juu ya kebo iliyozikwa kina kifupi, mtaa mzima unazimika. Limetupata mara moja. Tulikaa siku tatu.

Kabla ya kusaini, uliza haya

Kasi inaandikwa kwa megabiti, mafaili yanahesabiwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti mbili na nusu. Ukijua hilo hutadhani umeibiwa siku ya kwanza.

Kisha uliza uzi mmoja unagawiwa nyumba ngapi. Kwenye mfumo uliozoeleka wa faiba ya majumbani, uzi mmoja hubeba gigabiti 2.5 kuja na 1.25 kwenda, na kisanduku cha nguzoni huugawa kwa nyumba 32 au 64. Zote 64 zikivuta kwa wakati mmoja, kila moja inapata kama megabiti 39. Zikiwa 32 ni 78. Hiyo bado ni nzuri. Shida kubwa huwa mbele zaidi, pale kampuni inaponunua uwezo mdogo kwa ajili ya mtaa mzima. Kwa hiyo usiishie kuuliza kasi ya kifurushi. Uliza saa mbili usiku mtaa wa jirani unapata ngapi, na uende ukapime mwenyewe.

Kwa anayefanya kazi kama yangu, kasi ya kupakia ni muhimu kama ya kupakua. Natuma skani za ankara kutwa. Uliza zote mbili ziandikwe kwenye mkataba, pamoja na bei iliyojumlisha VAT ya asilimia 18.

Umeme: ruta na kile kisanduku cha ukutani kinachopokea faiba vinahitaji umeme, kwa hiyo nunua betri ndogo ya kuvilisha. Uliza pia betri za kituo chao zinadumu saa ngapi.

Na uliza kama kampuni imeungwa UIXP, kituo cha Kampala cha kubadilishana data, kilichopo tangu 2001. Kampuni mbili zikikutana hapo, tamko langu linaloelekea Kampala linabaki ndani ya nchi. Zisipokutana, linaweza kuzunguka nje ya nchi na kurudi ili kufika ofisi iliyo kilomita mia mbili na ushee kutoka mezani kwangu.

Usimfungie mlango wa pili

Dada yangu anapanga kwenye jengo la ghorofa huko Kampala. Faiba ipo, tena ya kampuni moja tu. Mwenye jengo alipewa intaneti ya bure nyumbani kwake, naye akasaini kwamba hakuna kampuni nyingine itakayoingiza waya humo. Wapangaji ishirini na wanne wanalipa bei wanayoambiwa. Barabarani mbele ya geti zinapita kebo nyingine mbili. Wamekaa hivyo mwaka wa tatu.

Nilikumbuka hilo siku kampuni ya kwanza ilipotuletea mkataba wa kurasa tisa. Kwenye ukurasa wa saba palikuwa na kifungu cha kutokuruhusu mtu mwingine kutumia mtaro wala nguzo za mtaani kwa miaka mitano. Tulikaa kikao nyumbani kwa mwenyekiti, wengine wakasema tusaini tu, tusije tukamkosa hata huyu mmoja. Nawaelewa. Miezi kumi na minne inachosha. Lakini tulikuwa na barua za wenye ardhi mikononi mwetu, zimeandikwa kwa jina la kamati ya mtaa na si la kampuni. Hiyo ndiyo iliyotupa nguvu. Tulirudisha mkataba tukiwa tumekifuta kifungu hicho, na tukaomba kitu kimoja zaidi: ndani ya mtaro yawekwe mabomba mawili, moja lao, moja tupu lenye kamba ya kuvutia ndani, na hilo la pili tulilipie sisi. Walibishana wiki mbili, kisha wakakubali. Bomba tupu ni bei ndogo mtaro ukiwa wazi. Mtaro wa pili ni bei ya kuanza upya.

Kampuni ya pili ilipokuja haikuchimba. Ilivuta kebo yake ndani ya bomba letu kwa siku mbili. Mwezi uliofuata kampuni ya kwanza ikaongeza kasi ya vifurushi vyote bila kugusa bei, na fundi wao ambaye zamani alikuja baada ya siku nne akaanza kuja siku hiyo hiyo.

Kampuni pia hufa au huondoka. Kampuni ya simu ya Africell ilifunga huduma zake Uganda Oktoba 2021, na ilikuwa na wateja wengi. Andika kwenye mkataba wenu nani atamiliki kebo ya mtaani ikiwa mwenyewe atafunga.

Halafu kuna jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika baharini siku moja. Mtaa wetu, wenye kampuni mbili, ukawa taabani kwa zote mbili. Majina yalikuwa mawili kwenye bili, lakini sehemu kubwa ya uwezo wao ilitoka kwenye kebo zile zile. Kampuni zenye uwezo mwingine, kama kwenye TEAMS, ziliumia kidogo. Ukimkaribisha wa pili, muulize anatoka nchini kupitia wapi, Malaba na Busia au Mutukula, na baharini amenunua kwenye kebo zipi. Meneja wa mauzo huenda asijue. Omba kuongea na mhandisi, wao hujibu vizuri na wanafurahi mtu akiwauliza.

Huduma ikikusumbua, andika kwanza kwa kampuni, ukiweka tarehe, saa na vipimo vya kasi ulivyochukua. Wasipokujibu, nakala hiyo hiyo unaipeleka UCC. Bila kumbukumbu ya maandishi hutafika mbali.

Siku mafundi wanapofukia mtaro, kuwa hapo na simu yako. Sisi tulipiga picha kila mita ishirini kabla udongo haujarudi, tukachora ramani yenye umbali kutoka kwenye uzio na kona za nyumba. Nakala moja iko kwa mwenyekiti wa LC1, nyingine kwa mhandisi wa mji. Mwezi jana waliokuja kuchimba bomba la maji waliiomba wakahamisha mstari wao mita moja na nusu.